Intaneti ya nyumbani ikizorota usiku, kosa ni la vumbi la kompyuta au la neno "hadi"?

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila nikipiga simu kwa wanaoniuzia intaneti kulalamika kwamba usiku inazorota, naulizwa: "Kompyuta yako uliisafisha lini?" Mara ya tatu nikasema haya. Nikaizima, nikachomoa chaja, nikafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na vile vyuma vyembamba vya kupoozea, vumbi lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nikalitoa kwa kibano, yaliyobaki nikayapuliza huku nimezuia mapanga ya feni kwa kijiti, maana yakizungushwa ovyo na upepo feni hufa.

Kompyuta ilipona kweli. Ngurumo zikaisha, joto la prosesa (ubongo wa kompyuta) likashuka kutoka nyuzi 96 hadi 71. Kurasa nzito zinafunguka upesi, kwa kuwa prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo isiungue. Lakini intaneti yenyewe? Nilichomeka kebo moja kwa moja kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Saa 9 alasiri nikapata megabiti 94 kwa sekunde. Saa 3 usiku, 17. Kompyuta ile ile, kebo ile ile. Vumbi haliongezeki giza likiingia.

Tunauziwa "hadi megabiti 100", na hilo "hadi" linamkinga muuzaji hata akikupa 10. Uingereza walilibana: tangu Mei 2018, kasi inayotangazwa iwe ile ambayo angalau 50% ya wateja wanaipata kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kabla ya hapo ilitosha 10% tu waipate. Mimi nataka kanuni ya namna hiyo kila mahali. Nani anapinga?

Mchangiaji: Mkuu, unawaonea. Wateja wengi wanapima kwa Wi-Fi, ruta iko sebuleni wao wako chumba cha mwisho. Wengine wanaona megabaiti 12 wakidhani wameibiwa, kumbe baiti moja ni biti 8, hivyo megabiti 100 ndiyo hizo hizo megabaiti 12.5. Fundi atumwe kwa kila anayelalamika? Waache wauzaji waulize kwanza.

Mleta mada: Kwenye Wi-Fi nakuunga mkono, tena niongeze: mawimbi ya Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri, ila jioni majirani wote wakiwasha ruta zao yanasongamana. Ndiyo maana nilipima kwa kebo, nisimsingizie mtu. Ninachokataa ni mpangilio wa maswali. Nimewapa vipimo vya kebo vya siku 5, mchana na usiku, na bado wananirudisha kwenye feni. Mteja akishaleta kipimo cha kebo, zamu ya kujieleza ni yao.

Kama umepima kwa kebo kati ya saa 2 na saa 4 usiku, weka namba zako hapa, pamoja na kasi uliyouziwa.