Mama ana baridi yabisi: kwa nini apimwe TB kabla ya sindano ya viungo?

BintiTanga:
Habarini ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 58, na huu ni mwaka wa sita wa baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka saa nne. Kukuna nazi ameacha, hata chupa ya chai namfungulia mimi. Alianza na prednisoloni, akavimba uso, sukari ikapanda. Sasa anameza methotreksati kila Ijumaa. Magoti yametulia, vidole bado. Daktari anataka kumwanzishia sindano ya kuzuia TNF, ila kwanza apigwe eksirei ya kifua na apimwe TB. Mama kakasirika: "Naumwa vidole, kifua kimeingiaje?" Nikakosa la kumjibu. TNF ni nini hasa? Na kama kinga yake ina nguvu hadi inamla viungo, TB ya kuogopa inatoka wapi?

MtuWaMaabara:
Mpe mama shikamoo yangu. Swali lake ni la maana sana, dada.

Seli za kinga huitana kwa protini ndogo ndogo ziitwazo saitokini, na TNF ni mojawapo. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, huitoa, ikanasa kwenye kipokezi cha seli jirani. Ndani ya seli hiyo habari hupokezanwa protini kwa protini, mpaka ile iitwayo NF-kappa B iingie kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe. Seli iliyoitwa nayo huanza kuita wenzake. Ukijikata kisu jikoni, wito huo huzimika kidonda kikianza kupona. Kwa mama hauzimiki. Utando laini wa ndani ya kiungo unanenepa, unaila gegedu, na seli za kumung'unya mfupa zinaamka.

Saitokini nyingine, interlukini-6, hufika hadi kwenye ini, likatoa CRP, ile protini ya kuonyesha uvimbe mnayopimwa kliniki. Hiyo hiyo hulifanya ini lizuie madini ya chuma yasitumike, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupungukiwa damu hata akila mchicha kila siku.

Zamani wengi waliamini kwamba ukizuia saitokini moja, nyingine zitashika nafasi yake. Watafiti Feldmann na Maini wa London waliona tofauti: kwenye seli za viungo vya wagonjwa, TNF ikizuiwa, nyingine nazo hushuka. Mwaka 1992 wakaanza kuwapa wagonjwa infliksimabu, dawa ya kuzuia TNF, na viungo vikatulia.

Sasa kifua. Bakteria wa TB anaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi kwa sababu makrofaji wamemjengea boma. Boma hilo linashikiliwa na TNF. Ukiizuia, linalegea na aliyefungiwa anatoka. Mwaka 2001 waliripotiwa wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza infliksimabu, nusu yao ndani ya wiki 12. Tafadhali msikiruke kipimo hicho.

MamaWawili:
Mimi eksirei ilikuwa safi, kipimo cha TB cha ngozi kikavimba. Nikaanzishiwa isoniazidi, dawa ya TB, na mwezi mmoja baadaye ndipo nikachomwa sindano. Sijawahi kukohoa. Na hiyo methotreksati mpendwa, hakikisha ni mara moja kwa WIKI. Mimi duka moja la dawa liliniandikia kila siku, nikatoka vidonda mdomo mzima, chembe nyeupe zikashuka vibaya. Soma pakiti kila mnapopewa.

BintiTanga:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mama yote jioni hii. Kwenye lile boma akanyamaza, kisha akasema babu alitibiwa TB mwaka 1979, mama ana miaka kumi na kitu, wakilala chumba kimoja. Miaka sita ya kliniki hajawahi kulitaja, maana hakuna aliyemuuliza na yeye hakuona linahusu vidole.

MtuWaMaabara:
Hilo lifike kwa daktari kabla ya kitu kingine chochote.

BintiTanga:
Nimeshaliandika mbele ya daftari lake. Jumatatu saa kumi na mbili tunatoka, na amekubali kupimwa.