Kocha amemwagiza mwanangu amlenge mpigaji kwa mpira, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Tunaishi Texas, na kijana wangu wa sekondari anacheza besiboli, yeye ndiye mrushaji, yaani anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Kwenye mechi ya juzi, mpigaji wa timu pinzani aliupiga mpira ukavuka uzio, akasimama kuutazama kidogo kabla ya kukimbia. Kocha wetu akakasirika, akaona ni dharau. Zamu ya yule kijana iliporudi, akamwagiza mwanangu amlenge mbavuni. Mwanangu akarusha kawaida tu. Akatolewa palepale, na mechi iliyofuata hakuchezeshwa kabisa.

Mpira ule ni mgumu jamani. Mpigaji ana kofia ya kukinga kichwa, lakini mbavu ziko wazi. Tangu 2017 kanuni za sekondari huku zinataka kuwe na ukomo wa mipira anayorusha mtoto kwa siku, hapa Texas ni 110, ili kulinda bega na kiwiko chake. Sasa bega la mrushaji linalindwa hivyo, halafu mtu mzima anaagiza mtoto wa mwenzake aumizwe? Kwangu mimi huo si ukali wa mazoezi, ni ukatili.

Mwanangu ananisihi ninyamaze, anaogopa kupoteza namba na nafasi ya ufadhili wa chuo. Mama yake anataka twende moja kwa moja kwa mkurugenzi wa michezo wa shule. Mimi naona tuanze na kocha, tumsikie kwanza. Wenye watoto wanaocheza huku, ninyi mlianzia wapi? Na malalamiko ya maandishi yanasaidia, au yanazidi kumponza mtoto?