Tupeane uzoefu: hita ya gari la zamani imeziba, mliizibuaje?

Mwana Uyole: Wakuu, Juni ndiyo hii, baridi imeingia. Nina Toyota Mark II GX100, injini inapata moto vizuri ila hita inapuliza baridi tupu. Fundi kagusa ile mipira miwili inayopenya kwenda nyuma ya dashibodi: mmoja unaunguza, wa pili baridi. Anasema kirejeta cha hita, kile kinachopitisha maji ya moto ya injini ndani ya dashibodi, kimeziba. Waliopitia hili karibuni.

Konda Mstaafu: Yangu hivyo hivyo. Nakaa hapa nasubiri majibu.

Mama Viazi Isyonje: Kagueni thamostati kwanza, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ikichemsha mlima Kitonga mafundi wanaing'oa, halafu huku juu injini haipati moto, mipira yote inakuwa vuguvugu. Ila kama mmoja unaunguza na mwingine baridi, hapo kumeziba kweli.

Mkinga Halisi: Mmenikumbusha Julai ile! Natoka Njombe kwenda Makete, giza linaingia, mama mkwe kaketi mbele. Asubuhi yake fundi mmoja alikuwa "amezibua" hita kwa kompresa ya kujazia matairi, upepo wote kaachia. Joto likaja, mama mkwe anasifia gari, anasifia na mkwe. Tukiwa tunapanda nasikia harufu tamutamu, kioo kinashika ukungu kwa ndani, nikifuta ndiyo unazidi kupakaa kama mafuta. Mara pfuu! Mvuke chini ya dashibodi, maji ya moto miguuni kwa mama mkwe. Sijui mlango kaufunguaje. Namkuta nje kwenye ukungu, kiatu kimoja, anampigia simu mwanawe: "Mumeo anataka kunipika!" Ikabidi niunganishe mipira miwili yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, maji yasipite ndani tena. Injini ilipopoa tukajaza maji tuliyoomba kwa watu, tukafika vioo vikiwa wazi, meno yanagongana.

Konda Mstaafu: Miguu vipi?

Mkinga Halisi: Soksi za sufu zilimwokoa. Siku hizi akija kwetu anapanda basi.

Dada wa Mafinga: 😂😂 Mumeo anataka kunipika!

Spana 14: Tuache mama mkwe kidogo. Kompresa inapasua kirejeta, kishaliwa na kutu kile. Subiri injini ipoe, chomoa mipira yote miwili, ingiza maji ya bomba kwa upande wa KUTOKEA ili uchafu urudi ulikotoka. Presha ndogo, kinga ndoo. Yakigoma, jaza siki na maji, acha ilowe, sukuma tena mpaka yatoke meupe. Rudisha mipira, jaza kulanti (maji ya dawa ya rejeta), washa gari na hita ikae kwenye moto mwisho, hewa itoke.

Konda Mstaafu: Kulanti ya nini? Land Rover ya babu ilikunywa maji ya mto maisha yake yote.

Spana 14: Na hita yake ilikuwa inafanya kazi?

Konda Mstaafu: Haikuwa nayo! Usimsingizie marehemu.

Dada wa Mafinga: Wekeni ile poda ya kuziba rejeta, mbona rahisi.

Spana 14: Dada, hiyo poda ndiyo tunayoizibua.

Mama Viazi Isyonje: Na kulanti msimwage uani. Ni tamu, mbwa anailamba, anakufa.

Mwana Uyole: Siki ni hii ya kachumbari?

Spana 14: Hiyo hiyo, nyeupe. Ila nunua dumu, kichupa hakitoshi.