Moduli tatu mpya, kosa lilelile! Hivi nyie wauzaji wa PLC mnatuonaje?

Wakuu, leo acha niseme tu, maana hili jambo nimelimeza wiki sita.

Tuna PLC, ile kompyuta ya kuendesha mashine za kiwanda, yenye raki ya moduli nane, yaani vipande vinavyochomekwa na kuchomolewa. Ile ya tano, ya kupokea ishara za sensa, inawasha taa nyekundu inapojisikia. Inaweza kutulia siku mbili, halafu mchana mmoja ikasimamisha laini ya uzalishaji mara nne. Ukizima na kuwasha inarudi nzima, utadhani haijawahi kuugua.

Nikampigia muuzaji. Sijamaliza hata kueleza: "Hiyo moduli imekufa, agiza nyingine." Nikaagiza. Siku ya tatu, taa nyekundu. Eti niliyopewa ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Ya pili ikadumu wiki nzima, nikaanza hata kumsifia jamaa, kumbe. Ya tatu akaileta fundi wake, na huyo fundi ndiye aliyenifanya nifungue huu uzi.

Anafika, laini imesimama, taa inawaka. Kosa liko hai mbele ya macho yake! Hakuchomeka kompyuta. Hakuuliza lilianza saa ngapi, wala mashine ilikuwa inafanya nini. Mkono moja kwa moja kwenye swichi: zima, washa. "Tayari, imepona."

Imepona nini? Umefuta ushahidi wewe! Ni sawa na kufika kwenye ajali ukaanza kufagia barabara.

Alipoondoka nikasema potelea mbali. Nikabadilishana moduli ya tano na ya sita, maana ni aina moja na nyaya zinabaki zilipo, bao la terminali, pale nyaya zinapobanwa, linachomoka. Dakika kumi tu. Kesho yake kosa likaja palepale nafasi ya tano, na ile moduli "iliyokufa" inachapa kazi pale jirani. Kama ugonjwa ungekuwa wa moduli, ungehama nayo. Dakika kumi hizo hakuna aliyekuwa nazo, ila muda wa kuniandikia ankara tatu ulikuwepo.

Safari hii sikugusa swichi. Nikachomeka kompyuta, nikasoma rekodi ya makosa: umeme wa 24V wa upande wa sensa umepotea. Imeandikwa waziwazi! Nikalinganisha saa na ratiba ya uzalishaji, kila mara ni tunapotengeneza bidhaa ile kubwa, ambayo hufungua valvu sita kwa mpigo.

Sasa mtasema fundi si alipima umeme? Alipima ndiyo, kwa multimita, tena kwenye pawa sapulai. Ikasoma 24.1, akatingisha kichwa. Multimita ya kawaida inakupa wastani, umeme ukizama milisekunde 40 haina habari. Nikaazima osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyopanda na kushuka, nikapima kwenye terminali za moduli yenyewe. Valvu zikifunguka, volti inashuka hadi 16. Kiwango cha kimataifa cha PLC, IEC 61131-2, kinataka moduli ya 24V ipate kati ya asilimia 15 pungufu na 20 zaidi, yaani 20.4 hadi 28.8. Kwa 16 hata mimi ningewasha taa nyekundu.

Chanzo? Skrubu moja. Waya wa 0V, yaani wa kurudishia umeme, ambao valvu na moduli wanautumia pamoja, ulibanwa juu ya plastiki yake badala ya shaba, nyuzi mbili tatu tu ndizo zinagusa. Mzigo mdogo unapita, mkubwa ukija pale panapofinywa panakula volti. Nilipofungua kabati lote nikakuta waya mwingine umefungwa hivyohivyo, na kabati lilifungwa na nani? Haohao.

Nimetenganisha 0V ya valvu na ya moduli, nimebana upya, sasa siku ya kumi na mbili kimya, na bidhaa kubwa tumeipiga zaidi ya nusu ya siku hizo.

Moduli zote tatu nilimrudishia azipime. Ripoti yake mwenyewe inasema hazina kosa lolote. Kuzichukua, hataki, "zimeshatumika."

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa ripoti kama hiyo? Mlianzia wapi? Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia nizime niwashe.