Mama ametokwa na damu ukeni miaka saba baada ya kukoma hedhi

Binti wa Kibosho, Moshi
Shikamooni wakubwa zangu. Mama yangu ana miaka 59, na hedhi yake ilikoma alipokuwa na miaka 52. Juzi nikifua nguo zake niliona madoa ya damu kwenye kanga, na nilipomuuliza akasema ni jambo la siku mbili tu, halimuumi wala halimzuii kwenda kihambani. Mama mkubwa anashikilia kwamba hedhi imerudi na itakoma yenyewe. Je, hilo linawezekana?

Muuguzi mstaafu, Arusha
Marahaba mwanangu. Mpeleke hospitali wiki hii. Mwanamke wa umri wake aliyekaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake huhesabiwa kuwa amekoma hedhi, na damu itakayotoka ukeni baada ya hapo, hata ikiwa tone moja, haihesabiwi tena kuwa hedhi. Mara nyingi chanzo chake ni ukuta wa uke au wa mfuko wa uzazi kuwa mwembamba na mkavu kwa sababu homoni ya estrojeni imepungua, au ni vinyama vilivyoota ndani ya mfuko huo, na yote hayo yanatibika. Hata hivyo, takriban mwanamke 1 kati ya 10 wenye hali hiyo hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na saratani ya mlango wa kizazi nayo huweza kujitokeza vivyo hivyo. Kwamba haumwi kusiwatulize, kwani saratani hizi mwanzoni kwa kawaida haziumi.

Mama Upendo, Moshi
Mdogo wangu, anzeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapa Moshi. Daktari atautazama mlango wa kizazi, kisha ultrasaundi itapima unene wa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ukizidi milimita 4, kwa kawaida huchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Mwambieni daktari dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo. Mama akiona haya, ombeni daktari wa kike. Hakuna ubaya kuomba.

Msomaji, Ngaramtoni
Samahani mama muuguzi, nina miaka 27 na natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Natokwa na matone kila mara. Nami niogope?

Muuguzi mstaafu, Arusha
Matone ni ya kawaida kwa watumiaji wa sindano hiyo, hasa miezi ya mwanzo, lakini yakiendelea rudi kliniki uangaliwe, nao wakupime mimba. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, mlango wa kizazi uchunguzwe. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja au kizunguzungu pamoja na damu, usingoje kupambazuke, kwa sababu huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huweza kuua kwa saa chache.