Alan Page alisomaje sheria huku akiendelea kucheza?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mdogo wangu ana kipaji cha mpira na ameanza kuyaona masomo kuwa mzigo. Nimesikia kwamba Alan Page, aliyetamba na Minnesota Vikings katika ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa kofia ngumu, baadaye akawa jaji. Je, alisubiri kustaafu ndipo akasoma?

Jibu la kwanza: Hakusubiri, ndugu yangu. Mwaka 1971 alikuwa mlinzi wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima, tuzo ambayo kwa kawaida huwaendea washambuliaji, na bado akaingia kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1978. Mwaka huohuo Vikings walimwacha, kwa kuwa mbio ndefu alizozipenda zilikuwa zimempunguza uzito mno kwa nafasi aliyocheza. Chicago Bears wakamchukua, akacheza hadi 1981.

Jibu la pili: Naomba niongeze kuhusu ujaji, maana hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Alipotaka kugombea kiti katika Mahakama ya Juu ya Minnesota mwaka 1992, gavana alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekikalia, hivyo uchaguzi usingefanyika. Page alifungua kesi, akashinda, kisha akashinda na uchaguzi wenyewe, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo. Alitumikia hadi 2015, alipotimiza miaka 70 ambayo sheria ya jimbo inawataka majaji wastaafu.

Jibu la tatu: Mwonyeshe mdogo wako picha ya mkono wake. Kidole kidogo, kilichoteguka mara kwa mara uwanjani, kimepinda kuelekea nje kama kona ya mlango, na kwa mkono huohuo alishika majalada ya kesi kwa zaidi ya miaka 20. Mwambie pia kwamba tangu 1988 wakfu wake huwasaidia vijana karo ya chuo kwa sharti moja: nao wawafundishe watoto wadogo.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Ana mazoezi hadi saa kumi na mbili. Akirudi nitaanza na kile kidole.