Nani kawaambia Ballack ana gundu? Nimechoka na huu uonevu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Kila Ujerumani ikitajwa, iwe kwenye kibanda umiza au humu mitandaoni, lazima atokee mtu wa kusema "Ballack? Yule mwenye gundu." Yaani Michael Ballack, kiungo na nahodha wa zamani wa Ujerumani. Juzi nimemsikia mtu mzima kabisa akiwasimulia vijana waliozaliwa baada ya 2002 kwamba jamaa hakuwahi kubeba kitu. Damu ilinichemka.

Hakubeba kitu? Kaiserslautern walipanda daraja, na msimu huohuo wa kupanda wakachukua Bundesliga, 1998. Hakuna timu nyingine ya Bundesliga iliyowahi kufanya hivyo. Ballack alikuwemo, kijana wa miaka 21. Bayern kabeba ligi na kombe kwa pamoja 2003, 2005 na 2006. Chelsea tena, ligi na FA, 2010. Hayo yote mnayaruka mnakimbilia fainali alizopoteza.

Kinachoniuma zaidi ni Seoul, 25 Juni 2002, nusu fainali na Korea Kusini. Dakika ya 71, bado 0-0. Lee Chun-soo kachomoka na mpira, anaelekea kwenye boksi, mabeki wa Ujerumani wamevurugika. Ballack alishakuwa na njano moja ya mechi ya nyuma, na ya pili ilimaanisha kukosa mechi inayofuata. Alijua kabisa akimgusa yule mtu, fainali ya Kombe la Dunia haichezi. Akamkata hivyohivyo. Refa Urs Meier akatoa kadi.

Sasa tazameni dakika 4 zilizofuata, maana ndizo mnazozisahau. Mwenzake Neuville karudisha pasi ya chini kutoka kulia, Ballack kapiga kwa mguu wa kulia, kipa Lee Woon-jae kapangua, mpira ukamrudia, kaumalizia kwa kushoto. 1-0. Mtu ameshajua safari yake imeishia pale, bado anawapeleka wenzake fainali! Na robo fainali na Marekani nayo ilikuwa 1-0, kichwa chake yeye. Huyo ndiye mnamwita nuksi?

Fainali kule Yokohama alikaa nje. Kipa wa Ujerumani, Kahn, katema shuti la Rivaldo, Ronaldo kafunga, Brazil 2-0. Mbona Kahn hamumpachiki gundu? Na sitaki apachikwe, ila haki iwe sawa. Tena FIFA wenyewe waliibadilisha ile sheria: tangu 2010 njano moja inafutwa baada ya robo fainali, ili mtu asikose fainali kwa namna ile. Ballack aliumizwa na sheria ambayo leo haipo.

Najua mtaniletea mechi ya Unterhaching, Mei 2000, alipokuwa Bayer Leverkusen. Alijifunga, sikatai. Leverkusen walihitaji sare tu, wakalala 2-0, ubingwa ukaenda Bayern. Hapo mna haki ya kusema. Ila Moscow 2008, fainali ya Ligi ya Mabingwa na Manchester United, msimtwike. Yeye ndiye aliyepiga penalti ya kwanza ya Chelsea, akafunga. Aliyeteleza ni Terry, na Anelka akakosa ya mwisho.

Halafu Wajerumani wenyewe nao! Mei 2010, fainali ya FA pale Wembley, Kevin-Prince Boateng wa Portsmouth kamuumiza kifundo cha mguu, Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita. Kitambaa cha unahodha akapewa beki Lahm, na kabla mashindano hayajaisha Lahm keshasema hadharani kwamba kwa hiari yake hakirudishi. Nahodha yuko majeruhi, hata kupona hajapona! Mwaka mzima ukapita, hajaitwa tena, mpaka Juni 2011 kocha Löw akatangaza kwamba basi. Mechi 98, mabao 42, kiungo huyo, si mshambuliaji. Zilibaki 2 tu afikishe mia. Walichomtengea ni kuagwa kwenye mechi ya kirafiki na Brazil, Agosti ileile.

Aliikataa. Na mimi ningeikataa.